Alikalia Kigoda cha Mume Wangu

Kosa ambalo watu wengi hulifanya mgongo unapouma ni kudhani kwamba kinachotakiwa ni nguvu: mgonjwa akandwe zaidi, akanyagwe zaidi, avutwe zaidi. Wenye wivu nao hukosea hivyo hivyo, kwa maana wakihisi mtu anawaponyoka wanazidi kukaza mkono. Barua ya wiki hii imebeba makosa yote mawili, kwa hiyo nimeichapa karibu yote. Majina ya watu nimeyabadilisha, ya miji nimeyaacha.

*

Mama Awino, shikamoo. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako tangu tulipohamia huku Lodwar na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mwandishi wa barua nitakuwa mimi, lakini nimefika mahali ambapo nisipomwambia mtu mwenye umri nitafanya jambo, na jambo lenyewe tayari nimelipangia siku.

Mume wangu ni afisa wa mifugo, sisi ni watu wa kule juu kwenye baridi, kazi ndiyo iliyotuleta huku, naye huchanja mbuzi na ngamia, anafunga kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki na kwenda nacho mpaka Lorugum, mara nyingine mpaka karibu na Lokitaung, na akifika haanzi kuchanja, anaketi kwanza na wazee, na huko kuketi kwenyewe kunaweza kumaliza mchana mzima. Mzee mmoja wa Lorugum anayeitwa Amuria, ambaye mbuzi wake walipona, alimpa kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa Kiturkana hutembea nacho, wanakikalia na wakilala wanakiwekea kichwa, wao wanakiita ekicholong, na mume wangu akakipenda kuliko viti vyote vya nyumba yangu. Siku moja nilikikalia nikichambua sukuma, jirani yangu Bichiok akapita akaniambia, "Mama Kibet, toka hapo, hiyo ni ya wanaume," na mume wangu akacheka akasema, "Umesikia sheria ya huku," basi toka siku hiyo nilikuwa nakigusa tu nikikipangusa vumbi.

Mgongo ulianza kumuuma pole pole, katikati, chini ya mabega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, na aliyekuwa akifika ni mimi. Kwetu mgongo ukiuma unakanyagwa, mama alimkanyaga baba na mimi nikamkanyaga mume wangu, kila jioni analala kifudifudi kwenye mkeka, mimi napanda juu, nashika nondo za dirisha nisianguke, na hapo ndipo tulipokuwa tukiongea, Mama Awino, kwa sababu mume wangu ni mtu wa maneno machache lakini akiwa chini ya miguu yangu alikuwa anasema kila kitu, ubaya wa mkubwa wake, ngamia waliomfia njiani, hofu yake kwamba tutazeekea huku, yote. Alikuwa anashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili na kusema, "Pole pole, Mama Kibet, pole pole," nami nikajua ndiyo raha inavyosemwa, na kwa kuwa maumivu hayakuisha nilizidisha, nikawa natumia kisigino, na mimi si mtu mwembamba.

Kisha akaanza kusema, "Wacha leo." Leo ikawa kila siku. Akawa analala ameketi kwenye kiti cha sebuleni, na mara nasikia amekwenda Kakuma kwa mwanamke Mkongo anayeitwa Clotilde, aliyesomea Afrika Kusini kazi ya kutibu uti wa mgongo kwa mikono kabla vita havijamkimbiza kwao, yule ana chumba karibu na soko la Kakuma One, kule kambini kwa wakimbizi. Mara ya kwanza hata hakumgusa, alimhoji tu kama anatokwa jasho usiku, kama anakunywa maziwa mabichi, kama amekonda, akamrudisha huku hospitali kupima damu na kupiga eksirei, nami nikajiambia huyu ni mjanja, huyu anajua mwanamume akizungushwa ndipo anaporudi. Na kweli akarudi. Majibu yakawa mazuri akamshika, na mume wangu akawa kila kazi ikimpeleka upande wa Kakuma anapitia kule, anarudi amenyooka, anapiga mluzi, anaviringisha taulo langu analilalia sakafuni, anainua mikono na kushusha kama mtoto wa nasari. Nikamuuliza, "Anakufanya nini huko?" Akasema, "Ananinyoosha tu." Nikamuuliza, "Kwani mimi nilikuwa sikunyooshi?" Akaenda kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Basi siku aliyoaga kwamba kazi inampeleka upande wa Kakuma, nikapanda gari nikaenda mwenyewe. Mlangoni nilimkuta msichana anaitwa Sonia, akaniambia, "Karibu mama, keti, unangoja zamu?" Nikamwambia zamu hii ni yangu. Nikiwa pale nikasikia mlio ndani, kama kuni kavu inavunjwa, halafu sauti ya mume wangu, "Aaah," ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na sauti ile, Mama Awino, ilikuwa yangu, kwa miaka yote niliyokuwa juu ya mgongo wake sikuwahi kuipata. Wakaanza kucheka. Sonia akavuta pazia, maana mlango wenyewe haukuwa umefungwa, na nikaona kile kigoda. Mume wangu amesimama amevaa shati lake, na mwanamke yule amekalia kigoda cha Amuria, magoti yamefika kidevuni, amejikunja kama chura. Hata hakushtuka. Akaniambia, "Ingia mama. Niko namuonyesha vile anaikala kule porini. Ni weye muke yake? Nilimwambia akulete, nikufundishe namna ya kumusaidia."

Anifundishe. Mimi. Kumgusa mume wangu.

Alisimama anipe mkono. Mkono sikuuchukua, nilichukua kigoda, nikatoka nacho, nikakipakata mpaka Lodwar. Tangu siku hiyo nakikalia mimi, napikia hapo, nakula hapo, jioni nzima niko hapo mbele yake, akiniambia, "Mama Kibet, kaa kwa kiti," namwambia kamwambie Clotilde. Bichiok akipita sasa ananiamkia, "Ejok, mzee," na wote uani wanacheka. Sijali. Mwanamke mgeni amekikalia, mimi mwenye nyumba nisikikalie kwa nini? Na kwa haya mawazo hata mimi mgongo umeanza kuniwaka katikati, usiku nageuka sipati upande.

Sasa Jebet, tunayeimba naye kwaya, ana ndugu yake kwenye ofisi moja inayoshughulika na wakimbizi, ameniambia, "Wewe sema tu anatibu watu bila kibali na anashikashika waume za wenyewe, hicho chumba kitafungwa hata kabla hujafika nyumbani." Tunakwenda mwisho wa mwezi. Mume wangu hajui. Mama Awino, niende au nisiende, na nitajuaje kama mume wangu bado ni wangu?

Mimi, Mwenye Kigoda, Lodwar.

*

Mwenye Kigoda, marahaba, na pole. Pole hiyo ni ya kweli, ichukue mapema, kwa sababu mengine nitakayokuambia hayatakuwa matamu.

Nianze na mguu wa kitanda. Umeandika mwenyewe kwamba ulipomkanyaga mumeo alikuwa ameushika kwa mikono miwili akikuomba uende pole pole. Mama, mimi na wewe tumezaa. Tunajua mtu hushika chuma cha kitanda akiwa katika hali gani. Wewe uliona raha kwa sababu ulitaka kumpa raha, lakini sidhani kama yeye alikuwa nayo.

Nikueleze kilichokuwa chini ya kisigino chako. Sehemu ile ya katikati ya mgongo si kama kiuno. Kila pingili hapo imeshikana na mbavu, huku na huku, na kila anapovuta pumzi mbavu hizo zinapanda na kushuka, na viungo vidogo vilivyozishika vinasogea nazo. Mtu akiinama siku nzima juu ya pikipiki, kisha akajikunja kwenye kigoda, viungo hivyo vinakakamaa na nyama zinazovizunguka zinakaza kuvilinda. Ukija hapo na uzito wote wa mtu mzima kwenye nafasi ndogo kama kisigino, nyama zile zinakaza zaidi, na ukiendelea unaweza hata kuvunja ubavu. Kwa hiyo alipokuwa akikuambia maumivu hayajaisha na wewe ukazidisha, mlikuwa mnazunguka mahali pamoja.

Utaniuliza, sasa kwa nini alivumilia? Jibu nadhani umeliandika bila kujua. Ni kwa sababu ya yale mazungumzo. Ile jioni ya mkekani ilikuwa yake kama ilivyokuwa yako. Alikuwa anainunua kwa mgongo wake, mpaka mgongo ukakataa. Na ulipomuuliza kama wewe ulikuwa humnyooshi, akaenda kutazama pikipiki nzima, kwa sababu hapakuwa na jibu la kweli ambalo lisingekuumiza. Hapo na yeye alikosea, nami ningekuwa naye ningemwambia. Ukimya wake aliuona ni huruma, kumbe amekuacha peke yako na mawazo yako, nayo yamekupeleka mpaka Kakuma.

Sasa huyu Clotilde. Wewe umeona ujanja pale alipokataa kumgusa, mimi nimeona kazi. Nilifundisha maafisa wa kliniki kwa muda mrefu, na jambo nililowarudia mpaka wakanichoka ni kwamba mgongo hauguswi kabla ya kuulizwa. Mumeo anashughulika na mifugo. Kuna ugonjwa wa brusela unaotoka kwa mbuzi na ngamia na kwa maziwa mabichi, nao huingia mgongoni ukajifanya uchovu. Kuna kifua kikuu, ambacho watu wanadhani ni cha mapafu tu, kumbe kinaweza kula pingili kimya kimya. Anayeukunja mgongo wa namna hiyo bila kuupima anaweza kumharibu mtu miguu. Jasho la usiku, kukonda, maziwa mabichi: yale maswali hayakuwa ya kumzungusha mumeo. Na ule mlio uliousikia wala si mfupa kuvunjika. Ndani ya kiungo mna maji kidogo, kiungo kikifunguliwa ghafla gesi iliyomo hufanya povu, nalo hulia, kama vidole vyako vinavyolia ukivivuta. Hakuna uchawi hapo wala mapenzi.

Tuje kwenye kigoda, maana najua ndicho kinachokukereketa. Sheria ya Bichiok haijafika Kongo. Yule mama hajui kwamba mwanamke hakikalii, na hajui kwamba kwako kilikatazwa. Alimtaka mumeo aone anavyoketi, akaketi kama yeye, amejikunja, magoti kidevuni. Huyo chura uliyemwona alikuwa mume wako. Ndiyo maana mumeo akacheka. Mtu akioneshwa alivyo hucheka.

Na hapa kuna kosa ambalo wageni wengi wenye adabu hulifanya huku Turkana, kwa hiyo wasikilize hata wasio na wivu. Mzee Amuria amekaa kwenye ekicholong tangu ujana. Nyonga zake zimezoea, na tena hakai tu: atanyoosha mguu, atasimama aegemee fimbo, atajilaza ubavu akiweke kigoda chini ya kichwa, na mazungumzo yanaendelea. Afisa mgeni anayetoka kwenye meza na pikipiki anaona kusimama katikati ya maneno ya wazee ni dharau, basi anabaki pale amekunjamana kwa heshima mpaka mchana uishe. Hakuna mzee aliyemtaka afanye hivyo. Baba Kibet asimame, anyooke, aegemee kitu. Wazee hawatahesabu kuwa ni dharau.

Wewe pia umejipa dawa hiyo hiyo. Unapikia hapo, unakula hapo, unakaa jioni nzima kumkomoa mtu, kisha unaniambia mgongo unawaka kwa mawazo. Mawazo yana madhara yake, lakini hilo ni kigoda, mama. Umepata maumivu yale yale ya mumeo, mahali pale pale, kwa njia ile ile. Ukihama kwenda kwenye kiti kwa siku kadhaa na yasipopungua, nenda ukapimwe kama alivyopimwa yeye. Na tafadhali usimwite mtu akukanyage.

Kuhusu Jebet nitasema kwa ukali kidogo. Unataka kwenda ofisini kusema kwamba Clotilde hana kibali. Ulikiulizia? Hukukiulizia. Unataka kusema anashikashika waume za watu. Uliona nini? Pazia la kuvutwa wakati wowote, mlango wazi, msichana wa watu mlangoni, mumeo amesimama amevaa shati. Na mwanamke anayetaka kukunyang'anya mume hamwambii akulete ili akufundishe. Hicho ulichokiita dharau ndicho kilichotakiwa kukutuliza. Yule mama amekwisha kukimbia nyumba yake mara moja. Ukimfungia kile chumba, yeye atapoteza chakula chake, na watu wa Kakuma wenye migongo wataingia mikononi mwa yeyote mwenye visigino. Wewe utarudi Lodwar kunywa chai, na mumeo siku moja atajua, kwa sababu Jebet anayekuhimiza leo ndiye atakayesimulia kesho. Huendi. Mwambie huendi, na ukiona amekasirika, utakuwa umejua kitu kuhusu Jebet.

Sikuambii wivu wako ni upuuzi. Ulikuwa na kazi mwilini mwa mume wako, kazi uliyorithi kwa mama yako, ukaamka siku moja umekuta mwingine anaifanya, na anaifanya vizuri zaidi. Hilo linauma hata kama mwingine huyo angekuwa mzee kipofu. Ila angalia ulichopoteza hasa ni nini. Kukanyaga unaweza kuacha bila kulia. Unacholilia ni yale maneno aliyokuwa akiyasema akiwa mkekani. Nayo hayakuwa yamekaa kwenye visigino vyako. Akiviringisha taulo na kujilaza sakafuni, jilaze karibu naye. Nenda Kakuma safari ijayo, mrudishie Clotilde mkono wake uliouacha hewani, umwombe radhi, na akufundishe hayo anayotaka kukufundisha. Utakuta ni mambo madogo: pa kuweka kiganja, namna ya kumshika bega anapogeuka akivuta pumzi. Kugusa ni kugusa, nako kutakuwa kwako tena.

Nisimpambe mno yule mama, vilevile. Tiba hii humsaidia mtu kulegea na kusogea, lakini mgongo hutunzwa na mwenyewe: kusimama mara kwa mara, kutembea, hayo mazoezi ya taulo. Mtu akienda majuma kadhaa haoni nafuu, aache arudi hospitali. Akipata homa, akikonda, akianza kufa ganzi au miguu kulegea, asingoje hata siku ya miadi. Mumeo anapiga mluzi, kwa hiyo kwake naona inafanya kazi.

Uliniuliza utajuaje kama bado ni wako. Mimi ninasoma karatasi, huenda hata hilo la mguu wa kitanda nimelikosea, lakini mtu mwenyewe unaye nyumbani, na ukimya mlio nao sasa hauna ukubwa wa kushinda swali moja la kawaida. Leo jioni Baba Kibet akirudi, ondoka kwenye kigoda, tandika mkeka, keti naye, umuulize, "Nilipokuwa nikikukanyaga, ulikuwa ukiumia?" na usiseme lolote mpaka amalize kujibu.